Maoni ya Fundi wa Baridi

Nimemaliza vitabu vinne tangu Shaabani iandame,
zamu ya usiku, Changamwe, makontena yakinguruma
kama tumbo la mtu aliyelala na njaa.
Mwachiro aniuliza: vipi, vyafaa?
Haya, sikiza.

Cha kwanza kinene, jalada nyota tupu.
Watu elfu sita wamegandishwa ndani ya chombo,
miaka mia tatu safarini, wasiamke, wasioze.
Nikasoma hadi ukurasa wa mia mbili na kumi
nikingoja gesi ivuje.
Haikuvuja.
Hakuna kompresa iliyokwama, hakuna fundi
aliyeitwa saa tisa za usiku, tochi mdomoni.
Mimi tani ishirini za samaki, siku nne tu bandarini,
zilinitoa jasho mkesha wa Idi.
Mwandishi huyu, nahisi, friji ya kwao
hutengenezwa na mtu asiyemjua jina.

Cha pili ni mashine inayofikiri.
Nilikipenda, sikatai, hadi katikati.
Ile mashine kuuliza, "Nikizimwa, nani ataniulizia?"
nilikiweka chini nikaenda kunawa uso.
Kisha ikampenda binti wa bosi.
Mbona kila chenye akili
lazima kimpende binti wa bosi?

Cha tatu kilinikera, na bado chanikera.
Bahari imepanda, mwaka elfu mbili mia nne na kitu.
Pwani yote ya huku imezamishwa
kwa sentensi moja, tena fupi.
Kuze, Kibokoni, Makadara,
duka la viatu la Mbarak, kaburi la mamangu Kikowani,
yote kati ya mkato na nukta.
Kisha kurasa arobaini
za kulilia daraja moja la ng'ambo.
Niliandika pembeni: "Na sisi je?"
Penseli ikakatika.

Cha nne hata si kitabu, ni karatasi zilizobanwa pini,
kazi ya mwalimu mmoja wa Kisauni,
chapa mbovu, kurasa mbili zimerudiwa.
Huko Mirihi mzee wao amekufa.
Maji yapimwa kwa kijiko.
Wanabishana: maiti aoshwe kwa nini,
alazwe akielekea wapi,
maana Makka yenyewe yazunguka angani,
asubuhi juu ya vichwa, jioni chini ya nyayo.
Mtoto wa kike asema:
"Mlazeni tu. Itampitia mbele, kisha itampitia tena."
Basi. Hakuna vita, hakuna risasi.
Nilirudia mara tatu. Kengele ya kontena la kumi na saba
ililia dakika nzima nisiisikie.
Bosi asijue.

Kina makosa? Kina. Mwisho umekatwa mbio
kama wa mtu aliyesikia mboga ikiungua.
Lakini ndicho nitakachokuazima,
na ukirudishe bila mafuta ya mahamri,
si kama kile cha mwezi jana.

Wale waliogandishwa? Sijui kama walifika.
Nimekiacha wazi ukurasa ule ule
juu ya kisanduku cha vipimo,
nyuzi kumi na nane chini ya sufuri,
na kila nikipita hapo, sijui kwa nini,
natega sikio.