Chama cha Kuzikana

Jumatatu nilipewa ngazi, nyundo, patasi,
na barua ya kamati, sahihi tano, muhuri mmoja:
Fundi, tuondolee lile neno.
Juu ya mlango wa jumba letu, huku Savannah,
jiwe limeandikwa tangu mwaka elfu moja mia tisa kumi na moja:
Chama cha Kuzikana cha Watu wa Rangi.
"Wageni wanapiga picha," alisema Tavaris, katibu,
macho kwenye viatu vyake. "Wanacheka."

Nimepanda. Sijagonga hata mara moja,
Bi Earlene Mapp yuko chini, na fimbo yake,
na kofia ya zambarau ya Jumapili.
"Shuka kwanza, Roscoe. Unaijua bei yake?"

Herufi saba, senti arobaini kila moja.
Mama yake, angali msichana, alifua mashuka ya wazungu
Februari nzima, akainunua ya mwisho.
Siku hizo neno hilo lilikuwa nguo ya kutokea;
lile jingine, la mnadani,
walitupiwa barabarani pamoja na mawe.

"Kisha tukawa Wanegro. Kwa herufi kubwa!
Gazeti lilipoikubali ile herufi
baba alikata ukurasa, akauweka ndani ya Biblia.
Ukimwita mwenzako mweusi, shuleni, unachapwa.
Mwanangu akarudi toka chuo, nywele kichaka,
akanikanya mezani: Mama, sisi ni Weusi.
Nilichapwa bure, basi!
Na juzi kitukuu kanisahihisha tena,
taratibu, kama anayenifunga kamba za viatu."

Lori la taka likapita. Akangoja lipite.

"Mtoto akiniita hivyo leo, nitamzaba kibao.
Ila jiwe halimwiti mtu."

Nikamuuliza kuhusu lile la mnadani,
ambalo mjukuu wangu na wenzake
hurushiana uwanjani kama mpira, wakicheka.
Akatikisa kichwa. "Hilo sijui, Roscoe.
Hilo ni wembe. Labda wao wana midomo ya chuma."

Nikapanda tena. Nikasugua kuvu kwa brashi.
Herufi ya mwisho haikuchimbwa sana kama wenzake,
imeinama kidogo; kidole gumba kinaenea ndani yake.

Nyuma ya barua ya kamati niliandika:
Patasi imevunjika.
Haijavunjika.