Swali la Nyongeza

Bunge letu ni nyumba ya mbao, ndogo;
watu wa Tórshavn hulipita wakienda kununua mkate.
Mimi huketi chini ya kiti cha Spika, mgongo kwa dirisha,
na kila lisemwalo naliandika.
Miaka kumi na mmoja sasa. Neno "mheshimiwa"
nimeliandika mara nyingi kuliko jina la mama.

Leo asubuhi, Swali Nambari 19.
Rannvá Midjord, wa safu ya nyuma,
sweta lake likinuka kondoo aliyelowa,
hakusoma karatasi aliyopewa na chama.
Alitoa daftari la jalada la bluu, limevimba kwa unyevu,
lile linaloning'inia kwa kamba
kwenye kibanda cha gati la Skarvoy.
Nalijua. Kabla yake kulikuwa na jingine,
na humo, nikiwa na miaka tisa, niliandika:
Feri haikuja. Tumerudi nyumbani. Baba kanuna.

Akasoma:
"Tarehe tatu, haikuja.
Tarehe nne ilikuja, ikatuona, ikageuza.
Tarehe tano, muuguzi alikuwemo ndani; tulipungiana mikono.
Tarehe sita, mtoto wa Eyðvør kazaliwa humu humu kibandani,
kwenye benchi la kushoto, lile lisiloyumba.
Tarehe saba. Posta: hakuna. Dawa: hakuna.
Hali ya hewa: nzuri."

(Kicheko), niliandika, maana baadhi walicheka.

Kisha akasimama Waziri wa Uchukuzi, Høgni Lamhauge,
koti limenyooka, sauti imepakwa siagi:

Ninakushukuru Spika, kwa wasaa wa kujibu,
Wizara inakumbuka, kisiwa hicho cha tabu,
Mchakato wafanyika, wa kutafuta sababu,
Na pindi utapofika, mwisho, tutatoa jibu.

Fungu lipo, limetengwa, litatoka likitoka,
Gati nalo litajengwa, upepo ukiondoka,
Ramani imeshapangwa, penseli imechongoka,
Kwa kauli isopingwa, tupo, na hatujachoka.

Meza zikapigwa. Nikaandika (Makofi).
Jibu zuri, lina vina vya kati na vya mwisho,
laweza kughanwa harusini.
Nilitafuta feri ndani yake, nikakuta penseli.

Rannvá hakuketi.
"Swali la nyongeza, Mheshimiwa Spika. Dogo.
Je, Waziri amewahi kukisubiri chombo hicho?
Sisemi kukipanda. Kukisubiri."

Hapo vidole vyangu vilikwama.
Kwa kicheko nina mabano. Kwa makofi nina mabano.
Kwa minong'ono, kwa mjumbe anayetoka akibamiza mlango, ninayo.
Kwa mtu mzima anayekagua kucha zake
huku mvua ikihesabu vigae vya paa,
sina.

Spika akatazama saa.
"Muda wa swali hilo umekwisha.
Swali Nambari 20, vyoo vya shule."

Mama ana miaka themanini na miwili.
Alhamisi ana miadi na daktari wa macho,
ya tatu mwaka huu; mbili za kwanza zilimpita.
Begi lake limekaa mlangoni tangu Jumatatu,
juu yake kitambaa, lisije likashika vumbi.
Akinipigia simu halalamiki. Husema tu,
"Leo nimeisikia ikipita."

Usiku, saa ya kusahihisha, wenzangu wakiwa wameshavaa makoti,
niliongeza mstari mmoja:
(Sekunde kumi na nne.)
Sikueleza za nini.
Mhariri ataufuta kesho, na ana haki;
hiyo si kauli ya mtu yeyote.
Ila mpaka naandika haya bado upo,
umebanwa pale,
kati ya jibu na vyoo.