Vipimo

Leo nimempima Ng'washi kifua, thelathini na nane,
nikaandika arobaini na nane.
Akachungulia daftari, akacheka: "Fundi, lini nimenenepa hivi?"
Nikapima tena.
Miaka kumi na sita nazungusha futi kwenye vifua vya Igogo,
namba haijawahi kunitetemesha mkono.

Yangu ni mbili nukta nne.
Sentimita. Titi la kushoto, "upande wa saa nne," alisema daktari,
nami nikauliza: saa nne ya mshale au saa nne yetu?
Akanyamaza, akacheka, akachora duara kwenye karatasi,
akatia nukta.
Nukta ndogo, ya kalamu ya bluu.
Nimeikunja ndani ya kasha la bobini.

Upasuaji Alhamisi, tarehe ishirini na tatu.
Leo ni tarehe nne.

Mkono wa kulia umepata tabia mpya:
unaondoka mashineni bila kuaga, unakwenda kule.
Nimeufunga uzi mwekundu kwenye kidole,
nimeupa ruhusa ya mara moja kwa siku, baada ya kuoga.
Jana ulikwenda mara saba.
Juzi sikuhesabu.

Usiku ndio mbaya. Mbavu zikichoma nasema, limeshuka.
Kichwa kikigonga nasema, limepanda.
Asubuhi nakumbuka gauni la bibi harusi, mita tisa za satini,
nimeliinamia kutwa nzima, shingo imekunjwa kama kiwiko.

Nesi alinifundisha kuvuta pumzi kwa kuhesabu.
Nikajaribu kwa kivuko cha Kamanga:
kikiondoka gatini navuta, kikifika ng'ambo natoa.
Nusura nife kabla ya tarehe.
Nilicheka peke yangu pale mlangoni,
nikamtisha kuku.

Bugando haina adabu ya kujificha.
Nikianika nguo, iko kilimani. Nikirudi Mwaloni na dagaa, iko.
Usiku inawasha madirisha yote
kama mtu anayekutazama unapokula.

Mama Bhoke ameleta unga wa mizizi kwenye chupa ya soda.
Nimepokea, nimeshukuru, nimeuweka juu ya kabati.
Masanyiwa hatamki neno lenyewe, anasema "ile shughuli".
Amepanda kuziba bati linalovuja tangu masika ya mwaka juzi,
kagongelea misumari mingi kuliko tundu.
Mama anapiga simu kutoka Magu: "Mhola?"
Namjibu, "Mhola duhu,"
kama mtu anayekunja kitenge, doa likae ndani.

Nyuma ya nyumba yetu jiwe limekaa juu ya jiwe,
kubwa kama lori, limeegemea sijui nini.
Kila mgeni huinua macho: "Hamuogopi?"
Nasi hujibu, tumezoea.
Nimelitazama wiki hii kuliko miaka yote.
Hatukuzoea. Tulikuwa na maji ya kuchota,
na ada, na mboga motoni.
Nani alikuwa na nafasi ya kusimama chini yake mchana kutwa?

Kwa hiyo nimerudi mashineni.
Nesi alisema nije na blauzi ya vifungo mbele,
mkono hautapanda juu kwa siku kadhaa.
Nina kipande cha pamba, kijani cha magugu maji
yale yanayokuja na upepo na kufunga ghuba,
kisha siku moja unaamka, yamekwenda kwa wengine.

Nikajifungia. Nikasimama mbele ya kioo, futi shingoni.
Sikumbuki mara ya mwisho kujipima mwenyewe.
Uzi mwekundu ulikuwa kidoleni, mkono ulikuwa na kazi,
futi ikapita juu ya kulia, ikapita juu ya kushoto,
haikusimama.

Daftari la wateja, ukurasa mpya.
Jina: Kwandu Lusana.
Kifua: thelathini na sita, kwa sasa.
Mishono ya ubavuni: acha akiba ndani, pana,
ya kupunguza au kuongeza.
Siku ya kuchukua: tarehe ishirini na mbili, jioni.
Malipo: bado.