Jina la Mashine ya Pili

Ofisi ya ushirika wa maziwa, juu ya duka la mbolea,
Nakuru, saa nane usiku.
Mashine mbili kabatini zinanguruma polepole.
Moja hupokea lita za Molo na za Njoro,
ya pili huiga kila inachoandika mwenzake,
haiulizi, hailali.

Miaka sita nimezisoma zikiitwa kwa Kiingereza
bwana na mtumwa,
nisisikie kitu. Lugha ya kuazima
ni glavu: unashika kaa la moto
ukidhani ni jiwe.

Kisha ushirika ukataka kila kitu kwa Kiswahili,
wapima maziwa wajisomee.
Nikaandika: Mtumwa hajibu. Umzime?
Kidole kikasimama juu ya kitufe.

Babu yangu Makokha alichuma pareto ya mzungu kule Njoro,
kipande kikining'inia shingoni ndani ya kikebe cha bati.
Hata mimi nilimkuta, uhuru una miaka thelathini,
bado anavua kofia
kila akisikia Landrova.

Chepkwony akacheka: "Mashine haina shingo, dada.
Ng'ombe hajali ndoo inaitwaje."
Kweli.
Lakini anayeandika ni mimi,
na mimi ninayo.

Nikafuta. Nikajaribu mkuu na msaidizi,
nikamwona chifu na karani wake.
Nikajaribu mzazi na mtoto,
lakini mwanangu haigi hata neno langu moja.
Mwishowe nikaandika asili, nikaandika nakala,
maneno makavu, yasiyo na jasho la mtu,
nikaenda kulala.

Saa kumi na moja alfajiri mizani ya Molo ikagoma.
Ilikuwa ikimwita mtumwa kwa jina lake la zamani,
ikimwita, ikimwita,
na hakuna aliyeitika.
Malori matatu foleni, jua linakuja,
Chepkwony kwenye simu hana hata salamu.

Nilikuta neno lile ndani ya faili niliyoisahau,
mstari wa mia nne kumi na mbili.
Halikuja na mashine.
Nililiandika mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza kazini,
na pembeni nikaacha maelezo kwa atakayefuata:
usiguse, inafanya kazi.

Nikaligusa.
Lita elfu tatu zikapita.
Mia mbili zilikuwa zimeshachacha, zikamwagwa mtaroni,
na hizo, kwa haki, zikakatwa kwenye mshahara wangu.