Muhtasari wa Kikao cha Lifti

Lifti ilikufa Februari, siku ya theluji ya pili,
ikakwama kati ya ghorofa ya sita na ya saba,
na ndani yake mfuko wa viazi wa Bibi Rumyana
uliotumwa peke yake.
Bado umo.

Tulikutana chini, penye masanduku ya barua.
Katibu ni mimi, kwa kuwa nina kalamu
na kwa kuwa nakaa ghorofa ya tano:
wa chini wananihesabu wa juu,
wa juu wananihesabu wa chini.
Nyumba thelathini na sita, balbu moja, nayo ya kuazima.

Velichko wa ghorofa ya kwanza alianza:
"Mimi lifti siijui. Kitufe chake sijawahi kukigusa.
Serikali ilipotuuzia, nilinunua mlango wangu,
madirisha yangu, na hewa iliyomo.
Anayepanda alipie kupanda kwake.
Mkate wangu nauamkia saa tisa za usiku;
sijaona mtu akishuka kunisaidia kukanda."
Ni kweli. Mikono yake ina alama za tanuri
mpaka kwenye viwiko.

Zdravko akavua kofia kama anayeingia msibani.
"Zamani," akasema,
na vijana wakaguna kabla hajafika kwenye kitenzi,
"zamani ikiharibika fundi anakuja,
na hakuna aliyeuliza ni ya nani.
Mtoto alizaliwa bure, akasoma bure,
kila Agosti tukaenda baharini, sisi wa chuma,
tukalala shuka nyeupe kama mawaziri.
Leo kiwanda kimeuzwa kwa bei ya ng'ombe,
na aliyekinunua hajawahi kukanyaga Pernik."
Hilo nalo ni kweli.
Niliyaandika yote mawili mstari mmoja,
wino ukaingiliana.

Ndipo sauti ya Bibi Rumyana ikatuangukia
kupitia uwazi wa ngazi, kutoka ya tisa:
"Zdravko! Fundi alikuja, ndiyo.
Alikuja baada ya miezi saba, barua nne
na chupa mbili za pombe ya plamu.
Na kaka yangu Metodi, aliyeifanyia mzaha miezi hiyo saba,
alichukuliwa akiwa na ndara miguuni.
Nawe Velichko, usicheke, nakusikia.
Zamani nilikuwa na pesa, dawa hakuna.
Sasa dawa zimejaa, kioo cha duka kinameta,
mimi ndiye sina pesa.
Hebu nielezeni, wasomi wa huko chini:
goti langu limeona tofauti gani?"

Simu ya mtu ikalia. Hakuipokea.

Kura: kumi na moja walipe wote,
kumi na moja alipe mpandaji,
kumi na wanne hawapo, wako Ujerumani
wakiwaogesha wazee wa watu.

Mengineyo: binti wa ghorofa ya tatu, Yoana,
ana bei zake: mkate senti ishirini, maji hamsini.
Mdogo wake Kalin hupanda bure, hupewa pipi.
Tulibishana dakika arobaini
kama pipi ni mshahara.

Tulikubaliana balbu.

Siku ya nne nikakuta kigoda nje ya mlango wangu,
cha kijani, mguu mmoja umefungwa plasta.
Nilimkuta Bibi Rumyana amekikalia, anahema,
mkoba mapajani, macho amefumba.
Nilimuuliza Velichko. "Usinitazame mimi."
Nilimuuliza Zdravko. Akahesabu vigoda vyake
mbele yangu, vikatimia.
Hakina risiti, hakina amri ya chama.
Juma zima watu walikipita
wakikizunguka taratibu, kama paka aliyelala.

Kisha mtu, kwa hofu ya wezi,
akakifunga kwa mnyororo kwenye bomba la joto.

Kikao kijacho ni Alhamisi.
Ajenda ya kwanza: ufunguo akae nao nani.
Ajenda ya pili: harufu ya viazi.