Nusu Lita ya Maziwa

Walerian alirudi saa nne usiku
akinuka figili iliyooza.
Koti lake nililianika dirishani, theluji ikalipiga siku mbili,
harufu haikutoka; ilikaa ndani ya bitana
kama mpangaji asiyelipa kodi.

Kiwanda kiko ng'ambo ya mto.
Msonobari unaingia gogo, unachemshwa mpaka unakuwa uji
wa rangi ya asali, uji unachujwa, unatoka uzi.
Hariri ya maskini, tuliita. Nusu ya wanawake wa Poland waliivaa.
Injinia alitueleza siku ya maonyesho:
kaboni na kiberiti wamefunga ndoa,
na katika ndoa hiyo mti hulainika.
Ndoa nyingine hakuitaja.

Zilianza ndoto. Farasi chini ya kitanda,
farasi mweupe, anatafuna shuka.
Kisha hasira: sahani ya mama yangu ilivunjika
kwa sababu ya chumvi.
Kisha kimya, na mgongo.
Mgongo ule niliujua, niliwahi kuukwaruza kwa kucha,
sasa ulikuwa mlango wa ofisi siku ya sikukuu.

Jogoo wangu alizaliwa mjini humu humu,
wala hakuwika.

Nilipekua mifuko.
Tiketi ya tramu. Msumari. Kipande cha uzi.
Nilijiuliza ni mwanamke gani huyo
anayejipaka figili.

Jumamosi moja ya Januari, foleni ya nyama,
mimi wa kumi na tisa.
Mbele yangu Bogna, mke wa Eustachy, bila kugeuka:
"Na wako analala ameukumbatia ukuta?"
Nilitazama viatu vyake. Kimoja kilifungwa kwa kamba.
"Tangu lini?" nikauliza.
"Tangu tuchimbe viazi."
Nyuma yetu mtu akakohoa: "Wangu tangu Pasaka."
Foleni ikasogea hatua moja.
"Ukumbi wa tatu?"
"Wa tatu."
"Wa tatu."
Hapo Halszka akacheka, na sisi tukacheka,
kicheko cha kushikilia ukuta,
mpaka muuza nyama akatoka nje kutazama
kilichotupata.

Nyama iliisha kabla hatujafika.
Tuliomba karatasi ya kufungia, tukaandika majina,
kumi na moja, kwa penseli ya muuza nyama,
majina ya waume zetu, na mwezi,
mwezi ambao kila mmoja alianza kugeukia ukuta.
Bogna aliandika wa kwake kwa herufi ndogo sana.

Daktari wa kiwanda aliisoma karatasi, akaikunja.
"Haya ni mambo ya chumbani," akasema.
"Chumba kipi?" Halszka akauliza.
"Changu kina dirisha.
Ukumbi wa tatu hauna."

Alivua miwani. Aliifuta muda mrefu.
Aliandika: mishipa ya fahamu imechoka.
Aliandika: maziwa, nusu lita, kila zamu.

Basi sasa Walerian anakuja na chupa.
Haifungui. Anaiweka mezani, anavua kofia.
"Ya watoto," anasema.
Hatuna watoto.
Asubuhi namwagia paka wa ghorofa ya chini.

Tarehe nane Machi, Siku ya Wanawake,
kiwanda kilitugawia wake zao gauni la kulalia,
kila mmoja moja, rangi ya maji ya waridi.
Linateleza begani lenyewe.
Nililivaa usiku ule ule, nikasimama penye taa,
nikisikia mapigo ya moyo wangu hadi masikioni.
Walerian aliinuka. Alikuja.
Alishika upindo wa gauni, si mimi,
akausugua taratibu kwa vidole viwili,
vidole ambavyo tangu vuli havisikii moto wa kikombe.
"Huu ni uzi wa zamu yetu," alisema.
"Tazama. Hauna fundo hata moja."