Mavi ya Kale

Mvua ya kwanza ya masika ikigonga bati
mama zetu pale Kigogo walikimbilia nguo kambani,
wenye nyumba walimkimbilia baba yangu.

"Kondo yupo?"
Waliuliza dirishani, kwa sauti ya kukopa,
saa tano za usiku, maana mchana jina lake
lilikuwa Chura, na chura hasalimiwi.

Alikwenda na ndoo mbili, jembe lililokatwa mpini,
tochi ya kichwani, chumvi kilo tatu,
chupa ya mafuta ya taa ya kuulia harufu
na nyingine ndogo, ya kujiulia pua.
Alishuka hadi kifuani.
Huko chini aliokota kandambili, simu ya mtu,
mara moja kichwa cha mwanasesere, kinatabasamu.
Na wembe. Wembe ulimlaza wiki mbili,
mguu umevimba kama boga.

Mvua ikiwa kubwa, jembe halikuhitajika:
walitoboa ukuta wa shimo, wakatapisha,
mtaa mzima ukateremkia Msimbazi usiku huohuo,
na asubuhi kila mtu akapita pua juu:
"Hawa wa bondeni bwana, wachafu!"
Kunya anye kuku.

Bi Mwanaheri, mwenye vyumba tisa na choo kimoja,
alimwekea baba ujira wake juu ya tofali
akarudi nyuma hatua tatu
kama anayelisha mbwa asiyemjua.
Noti niliziokota mimi. Nilikuwa na miaka kumi.
Zilitoka kwenye pindo la kanga yake,
bado zina joto.

Sasa pale palipokuwa jalala,
nyuma ya ofisi ya serikali ya mtaa,
kuba la saruji limelala ardhini, tumbo juu.
Guta zinaleta matangi, mtambo unameza.
Baba ndiye mlinzi wa koki.
Ana buti, ana glovu, ana daftari.

Wiki tatu hakikutoka kitu.
Kila alfajiri aliweka sikio kwenye bomba,
akarudi akasema, "Linachacha.
Ni kama togwa, haliharakishwi."
Siku ya ishirini na mbili akawasha kiberiti
na moto ukaja: mdogo, wa buluu, hauna moshi,
unatetemeka kama ulimi wa mtoto
anayejifunza kusema "ba".

Hatukupiga makofi. Tulinusa.
Watu thelathini tumesimama tunanusa hewa,
kisha tukaona aibu, maana haikunuka.

Chai ya kwanza niliichemsha mimi, ya tangawizi.
Mmoja akauliza kama ni halali,
mwingine akasema amefunga, na Ramadhani ilishapita.
Baba akanywa peke yake.
"Mlipoyamwaga mtoni hamkuuliza.
Mchicha wa bondeni mmeula, hamkuuliza."
Akapuliza kikombe.

Si maneno yake yaliyowaongoa. Makaa yalipanda bei.
Wa kwanza alikuja na maharage, usiku,
dirishani, kwa sauti ya kukopa.

Jana kaja Bi Mwanaheri.
Arobaini ya mumewe, sufuria tatu za pilau,
gunia la makaa halishikiki.
Alisimama nje ya uzio.
"Kondo yupo?"

Baba akavua glovu, akafuta kiganja kwenye suruali,
akautoa mkono.
Niliuona ukisubiri pale hewani.
Bi Mwanaheri akautazama
muda wa kutosha kuhesabu noti za ujira mmoja,
akaushika. Vidole vitatu tu, na kwa haraka,
lakini akaushika.
Baba akafungua koki.

Wahenga wanasema mavi ya kale hayanuki.
Sijui. Mimi lile tofali
bado nalinusa.
Ila pilau lilipoiva nilikwenda, nikala,
na ukoko nikaomba.